Radhi za Bi Mwatima

Mtaani Kiponda alikuwepo jogoo mmoja mvivu aliyekuwa akiwika watu wakishatoka kusali. Sumaiya hakumtegemea. Kila alfajiri aliamshwa na sauti ya mama yake akipepea makaa, akashuka ngazi huku akijishika ukutani, akakaa kwenye mbuzi na kuanza kukuna nazi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wa darasa la sita, na mikono yake ilijua kazi hiyo hata macho yakiwa bado yamefumba.

Mama yake, Bi Mwatima, alikuwa akipika mikate ya ufuta ya kuuza. Unga huubandika ndani ya kikaango, kisha hukipindua kikaango kifudifudi juu ya makaa, na mkate huiva huku umening'inia bila kuanguka. Ulaini wa mikate yake ulijulikana mji mzima. Watu husimulia kwamba mtalii mmoja alinunua mmoja, akaulalia usiku kucha akidhani ni mto, na asubuhi akarudi kuulizia foronya. Huenda wametia chumvi, lakini si nyingi.

Siku hizo, hata hivyo, mikate ilikuwa ikianguka. Kikaango kikipinduliwa tu, mkate pwata, ndani ya makaa!

"Mama, mkate unaungua!" alisema Sumaiya.

"Nnauona," alijibu Bi Mwatima bila kunyanyua mkono. "Uache uungue. Nimechoka."

Alisema "nimechoka" asubuhi, akasema mchana, akasema na usiku. Baba yake Sumaiya, Muhiddin, alikuwa akifanya kazi hotelini Kendwa na kurudi mjini siku za mapumziko tu, kwa hiyo hakuuona uchovu ule. Aliyeuona ni Sumaiya.

Kisha mama akaanza jambo jipya. Kila siku baada ya sala ya alasiri alivaa buibui, akamshika Sumaiya mkono, wakapita mlango kwa mlango.

"Hodi! Nimekuja kukutaka radhi, bibi. Kama nilikukosea kwa neno au kwa kitendo, nisamehe."

"Nshakusamehe, nawe nisamehe," walijibu watu.

Walipofika kwa Mansour, muuza kahawa, Bi Mwatima aliinamisha kichwa. "Mansour, maji ya samaki yaliyokumwagikia siku ile ya Idi kutoka dirishani, niliyamwaga mimi."

Mansour aliacha kugonganisha vikombe vyake. "Wewe? Lo! Na mimi nikidhani ni Zahran wa ghorofa ya juu, nimemnunia miaka yote hii! Hata harusi ya mwanawe sikwenda!"

Sumaiya alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka.

Sasa, katika mitaa ya Mji Mkongwe, mtu mzima akipita nyumba hadi nyumba kutaka radhi, watu huelewa jambo moja tu: ana safari ya Makka. Hakuna aliyeuliza, na kwa nini aulize? Wa kwanza kuitangaza habari alikuwa Bi Ulfat, jirani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye habari ikimfikia ameketi Kiponda, Makunduchi wameshaipata kabla hajasimama.

"Hongera, shoga yangu!" alipiga kelele kutoka dirishani kwake. "Mungu akufikishe salama! Usinisahau kwa maji ya zamzam!"

Bi Mwatima alimpungia mkono tu, akaingia ndani. Alikuwa amechoka hata kukataa.

Basi madumu yakaanza kuja. Huyu alileta la lita tano, yule la lita kumi, na mzee mmoja akaleta pipa, akasema hata likijaa nusu atashukuru. Ngazi ikawa haipitiki. Mmoja alitaka tende, mwingine tasbihi, mwingine aombewe mwanawe apate mke asiyependa simu. Sumaiya aliona fahari. Shuleni aliwaambia wenzake kwamba mama yake anakwenda Makka, akazungukwa kama bibi harusi.

Jumamosi asubuhi simu ya mama ililia. Bi Mwatima aliitazama, akaigeuza kifudifudi, akaenda kuteka maji. Ilipolia tena, Sumaiya aliipokea.

"Naam?"

"Assalamu alaikum. Mimi Nesi Borafya, wa hospitali, kule kwenye chumba cha picha. Bi Mwatima yupo?"

"Waalaikumu ssalamu. Shikamoo. Yupo, lakini ana shughuli. Anajitayarisha kwenda Makka."

"Marahaba, mwanangu. Makka? Mbona sisi tunamngoja arudi huku? Nimepiga mara kadhaa hapokei."

"Arudi kufanya nini?"

"Hilo muulize mwenyewe. Wewe mwambie tu kwamba Borafya anamngoja, na kwamba asiogope."

Mama aliporudi na ndoo, alimkuta Sumaiya ameshika simu kwa mikono miwili. Hakuhitaji kuuliza. Aliiweka ndoo chini, akakaa juu ya dumu la Bi Ulfat.

"Unakumbuka siku ile wanawake wa mtaa tulipokwenda kupigwa picha ya matiti?" alianza. "Ile ya kutazama kama mtu ana saratani. Tulikwenda tunacheka kama tunakwenda harusini. Wenzangu wote waliambiwa salama. Mimi, daktari aliitazama picha yangu, akainamisha kichwa huku, akainamisha huku. Akanambia, 'Upande wa kushoto haujaonekana vizuri. Haina maana kwamba una maradhi. Rudi tukupige nyingine tujue.' Alizungumza sana, lakini mimi nililibeba neno moja tu."

"Neno gani, mama?"

"Maradhi."

Sumaiya aliiweka simu chini. "Kwa hiyo safari…"

"Mimi sikutaja safari. Nilitaka nikifa nisiache mtu ana kinyongo na mimi. Safari wameitunga wao." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Usimwambie baba yako. Usimwambie mtu yeyote. Niahidi."

"Lakini si wamesema urudi tu?"

"Sumaiya! Nimechoka. Niahidi."

Sumaiya aliahidi. Tangu hapo uchovu wa mama ukamwingia na yeye. Usiku alisikiliza pumzi za mama yake, akaogopa zikipungua, akaogopa zikiongezeka. Darasani alilala juu ya daftari la hesabu. Mwalimu alipomuuliza ana nini, alisema jogoo wa kwao anapiga kelele, akamsingizia kiumbe asiye na hatia. Baba alipopiga simu kuulizia habari za nyumbani, alisema, "Nzuri tu, baba," na neno likamkwama kooni kama mwiba wa changu.

Ubaya wa uongo ni kwamba haukubali kukaa peke yake. Bi Ulfat alimkamata mlangoni. "We mtoto, safari lini? Tunataka kumsomea mama yako maulidi ya kumuaga."

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi," alisema Sumaiya, kwa kuwa alihitaji kusema kitu.

Kesho yake majamvi yalishaazimwa, na wapishi walishagombana nani atapika pilau.

Jioni Bi Ulfat alipanda ngazi akiruka madumu, akamkuta Bi Mwatima jikoni, kikaango mkononi, makaa yamezimika.

"Shoga, mbona umekonda hivi? Watu huenda Makka wamenenepa. Hebu tuoneshe hiyo pasipoti yako tufurahi."

Bi Mwatima alimtazama binti yake. Sumaiya alijua kinachotakiwa: uongo mmoja zaidi, mdogo tu. Aseme pasipoti iko kwa wakala, Bi Ulfat ataondoka. Na mama atabaki hapo hapo alipo, mbele ya makaa yaliyozimika, kesho na keshokutwa, mpaka lini?

"Haipo," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mama haendi Makka! Mama ameambiwa arudi hospitali akapigwe picha ya titi mara ya pili, na hataki kurudi. Anaogopa. Na mimi naogopa. Nimechoka kusema uongo!"

Kikaango kilianguka. Sumaiya alingoja kofi, au kilio, au vyote viwili. Bi Ulfat alijishusha taratibu mpaka sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, alikaa kimya kwa muda wa kuweza kumenya ndizi.

"Mimi pia niliitwa tena," alisema mwishowe. "Mwaka jana."

"Wewe?" Bi Mwatima alinyanyua uso. "Mbona hatukusikia?"

"Siri za watu wote wa mtaa huu ninazo mimi. Yangu ningempa nani?" Bi Ulfat aliguna. "Nilikaa nayo mpaka nikawa siwezi hata kumeza mate. Halafu nikenda. Walinipiga ya pili, wakaniuliza kama nilipaka poda kwapani siku ya kwanza. Nikawaambia, mimi nitoke nyumbani bila poda? Mimi mtumwa wa nani? Kumbe poda ile ilitoka kwenye picha kama vidoa. Ya pili, nilipokuwa nimeoga tu, ilikuwa safi."

"Mimi sikupaka poda," alisema Bi Mwatima polepole. "Kwa hiyo yangu ni kitu."

"Yako sijui ni nini. Na wewe hujui. Huo ndio ukweli mtupu, hujui! Lakini umeshajiuguza, umeshajifia, bado kujizika tu. Kama ni kitu, ni bora kishikwe na daktari sasa, siyo baadaye. Kama si kitu, rudi upike mikate, maana hiyo unayotuuzia siku hizi tunaila kwa kukuonea haya."

Bi Mwatima alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Alimvuta Sumaiya kifuani, upande wa kushoto, akambana hapo.

"Kesho," alisema. "Lakini tufuatane."

Kesho yake walikwenda watatu. Walikaa kwenye benchi refu. Mama alikuwa akikunja ncha ya mtandio na kuikunjua. Bi Ulfat alisinzia, akaamka, akamuuliza mgonjwa wa pembeni anaumwa nini, akasinzia tena. Sumaiya alisoma tangazo la kuosha mikono mpaka akalijua kwa moyo.

Nesi Borafya alikuwa mnene, mpole, mwenye kalamu sikioni. Hakumkemea mtu.

"Karibu, Bi Mwatima. Hebu nikueleze, maana siku ile nafikiri ulitusikia nusu. Matiti ya wanawake wengi ni mazito ndani, na picha hutoka nyeupe, hatuoni kilichopo nyuma ya weupe. Ndiyo maana tunaita tena. Leo tutapiga picha ya kukaribia zaidi, halafu ultrasound, mashine ya kutazama ndani kwa mawimbi ya sauti. Wengi tunaowaita mara ya pili hawakutwi na saratani. Wachache wanakutwa nayo, na hao ndio ambao kurudi mapema kunawafaa zaidi. Kama daktari bado hataridhika, atatoa kipande kidogo kwa sindano kikapimwe. Kila hatua tutakwambia kabla. Una suali?"

Bi Mwatima aliinama akamnong'oneza. "Inauma?"

"Inabana. Utatutukana kidogo moyoni, halafu imekwisha."

Aliingia. Mlango ukafungwa. Sumaiya akabaki anautazama, na mara hii Bi Ulfat hakusinzia. Walikaa wameshikana mikono, na wala hawakuwa watu wa kushikana mikono.

Mama alipotoka alikuwa amechoka kama mtu aliyetembea kutoka Matemwe kwa miguu. Lakini mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Ni kifuko cha maji," alisema Nesi Borafya nyuma yake. "Daktari amekiona wazi kwenye ultrasound. Si saratani. Ila tunataka arudi baada ya miezi sita tukitazame tena, na akiona uvimbe au mabadiliko yoyote kabla ya hapo asingoje. Au nitapiga simu mpaka Makka?"

"Nitarudi," alisema Bi Mwatima. "Nitaipokea na simu."

Njiani Bi Ulfat aliomba ruhusa. "Shoga, hii naweza kuisema?"

"Iseme. Yote, na yako pia."

Wallahi, habari ilikuwa imefika mtaani kabla yao. Mansour alisimama na birika lake akasema, "Alhamdulillahi." Wanawake waliokuwa wakigombea pilau waliacha kugombana; wawili kati yao, ambao nao miaka ya nyuma waliitwa tena wakajikausha, walimvuta Bi Mwatima pembeni kumuuliza Nesi Borafya yupo siku gani.

Juu chumbani, Bi Mwatima alimpigia Muhiddin simu, akamweleza kila kitu tangu mwanzo. Sumaiya alisikia sauti ya baba yake ikikatikakatika, kisha ikisema anaomba ruhusa kazini aje leo hii hii. Mama alipoiweka simu, Sumaiya alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, nilivunja ahadi."

"Njoo ukae." Bi Mwatima alimpisha kwenye mkeka. "Ulivunja, na ahadi ile sikupaswa kuitaka kwako. Mtu mzima hamtwishi mtoto ugonjwa wake kisha akamwambia anyamaze. Sikiliza, mwanangu. Ukimwona mtu wako anaumwa na anajificha, mwambie mtu mzima unayemwamini, hata kama utakasirikiwa. Na wewe utakapokuwa mkubwa, daktari akikwambia 'bado hatujajua', usirudi nyumbani ukajipa jibu mwenyewe. Mimi nilijipa jibu, na jibu langu lilikuwa la uongo, na nusura liniue kwa uchovu. Rudi ukaulize. Ukiogopa, chukua mtu mkafuatane, lakini ur…"

Hakulimaliza neno. Alikuwa ameshalala, mchana kweupe, mtandio kichwani, kinywa wazi. Akakoroma. Watu wa Shangani husema waliusikia mkoromo ule wakadhani boti ya Dar es Salaam inatia nanga.

Sumaiya alimvua mtandio taratibu, akafunga dirisha, akakaa karibu yake akimlinda asiamshwe na mtu.