Mashine Iliyoganda Wakati wa Sala

Gari lililobeba jeneza la Mzee Sifaeli Sumari lilikuwa limeshaacha lami ya Kikatiti, linapanda kuelekea migombani kwake, Inspekta Naisula Yiamat alipolipita na kulizibia njia.

"Geuzeni. Mwili unarudi Arusha kwa uchunguzi."

"Kaburi limeshachimbwa!" mjane wake, Anyesi, alilia.

"Pole, mama. Litangoja."

Daktari alimaliza ubishi: sindano ya penisilini ndiyo iliyomuua. Mzee alikuwa na mzio wa dawa hiyo, na mzio huo ulikuwa umeandikwa kwenye kompyuta ya zahanati. Ila Jumatatu aliyochomwa, kompyuta iligoma. Aliyechoma sindano ni nesi Magreth, na kijiji kilikuwa kimeshamhukumu.

"Iliwashwa saa ngapi?" Naisula alimuuliza.

"Saa moja na nusu, afande. Inawashwa, tunasali, tukisema amina tunaikuta tayari. Siku ile tuliikuta imeganda. Kiduara kinazunguka tu."

"Siku nyingine?"

"Inawaka vizuri. Ndiyo maana hakuna anayeniamini. Nina watoto wawili, afande, nikifungwa..."

"Jibu ninachouliza."

Lucky, fundi wa Kaloleni, alikuja na begi lake na hasira zake.

"Nimebadilisha memori. Nimebadilisha diski. Mfumo endeshi nimeuweka upya mara tatu! Dukani kwangu inawaka mara ishirini bila kukosea. Nikiirudisha, siku mbili tu, napigiwa simu: Lucky, imeganda. Nikifika mchana, inawaka. Imerogwa hii."

"Umeipeleka kwa mganga?"

"Afande, usinitanie."

"Kama kwako haigandi, ugonjwa haumo ndani yake. Umo katika chumba hiki."

Kila ilipoganda, Magreth alitia alama kwenye kalenda. Naisula alizifuata kwa kidole. Jumatatu. Alhamisi. Alhamisi tena. Jumatatu. Kuna wiki zilizopita salama, lakini Jumanne hakukuwa na alama hata moja.

"Nani huja siku hizo tu?"

Magreth alimtaja. "Mzee Brayson. Anatuongozea sala. Alikuwa karani wa mafaili miaka ishirini na sita, mpaka kompyuta ilipokuja. Ufunguo wa stoo ya mafaili hayo anao yeye hadi leo. Na siku zake anaiwasha yeye mashine, ni heshima tuliyomwachia. Biblia yake huiacha mezani, nyuma ya mashine, huirudia saa sita."

Lucky alitoa flashi yake begini kujaribu, akaichomeka nyuma ya mashine, akawasha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Akaichomoa, akawasha tena. Ikawaka.

"Imepangwa kuanza na flashi," alisema. "Inataka kuwakia humo, haikuti kitu, inaganda. Mimi nimefungua vyuma miezi miwili, nyuma sikuwahi kuchungulia. Mjinga mimi."

Naisula alimkuta Mzee Brayson shambani, akipogoa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba flashi."

Mzee aliweka kisu chini. Kisha akaitoa mfukoni mwa koti.

"Ina nyimbo za kwaya tu. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, nilitaka wazisikie. Mashine ikaganda. Wakanikimbilia: mzee, tufungulie stoo, tutafutie faili. Siku ile nilikuwa mtu tena."

"Faili la Sifaeli lilikuwemo?"

"Lilikuwemo. Mwandiko wangu, wino mwekundu: asichomwe penisilini."

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Benchi la nje. Ufunguo mkononi. Nangoja waniite."

"Ulimwona akiingizwa?"

"Tulisalimiana."

"Na hukuinuka?"

"Miaka ishirini na sita, afande. Nikasema leo sijipeleki. Waje wao."

Naisula alirudi kwa Magreth na swali moja: kwa nini hakumwita?

"Nilichoka kumbembeleza. Kila faili, lazima kwanza nikiri kwamba mashine ni upuuzi. Nikamuuliza mgonjwa mwenyewe. Akasema yeye na sindano hawana ugomvi."

Brayson alifungwa miaka mitano kwa kuua bila kukusudia, akafia gerezani mwaka wa pili. Magreth hakufungwa, ila leseni yake ilisitishwa. Anauza mitumba Kwa Mrombo. Anyesi alihamia kwa binti yake, shamba likakodishwa. Lucky alibadilisha mpangilio wa mashine kwa dakika mbili na haijaganda tena. Sala ya asubuhi sasa inaongozwa na mhudumu wa maabara. Naisula alihamishiwa Longido.