Droo za Meza ya Ikutha

Canter ya kijani iliingia kwenye ghala pale Kibwezi saa tisa alasiri.

Kasiva, mpelelezi wa wanyamapori, aliegesha pikipiki ng'ambo ya barabara. Goti lilimuuma tangu Ikutha, alikoanza kuifuata. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa siku kumi na moja hakuwa amelala kwake.

Redio ya Motorola ikakoroma. Alikuwa Gathua, mkuu wake.

"Madam, umeona nini?"

"Meza sita za zamani. Zile za kifuniko cha kukunja."

"Pembe za ndovu ziko ndani?"

"Nafikiri."

"Ngoja vijana. Wako Makindu."

Makindu ni nusu saa. Lori la kontena la kuzichukua meza lilikuwa njiani, na huenda lingewatangulia. Na mwezi huo walikuwa wamezika askari wawili wa wanyamapori waliouawa na majangili.

Akampigia Mwalimu Mwongeli, mjane wa Ikutha. Yeye ndiye aliyeuza meza ya babake kwa Dekker, mzungu mfanyabiashara wa vitu vya kale.

"Mwalimu, hiyo meza inaweza kuficha kitu?"

"Nyuma, mwanangu. Kifuniko ni vipande vya mbao vilivyogundishwa kwenye turubai. Ukisukuma juu, kinajikunja kinashuka nyuma. Hapo kuna nafasi kubwa. Wamisionari waliileta na treni. Baba aliipenda sana. Jioni anavuta kifuniko tu, droo zote zinajifunga pamoja, anakuja kula."

Kasiva alikata simu. Hakuwahi kuwa na kazi inayofungwa jioni.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, Glock mkononi. Dekker alikuwa peke yake, ameketi mbele ya meza ile ile ya Mwalimu, kifuniko kikiwa wazi. Kasiva akasimama begani pake.

"Mikono juu."

Dekker akatabasamu. Mkono wake ukateremka kuelekea droo ya kulia.

Kasiva angeweza kumpiga risasi. Alikuwa amechoka na hilo pia.

Akavuta kifuniko kwa mkono wa kushoto.

Tak!

Dekker akavuta droo. Ikagoma. Akavuta tena.

"Jaribu ya kushoto," Kasiva alisema.

Alimfunga pingu, akatoa bisibisi, akafungua ubao wa nyuma. Pembe zilikuwa zimeviringishwa kwenye blanketi.

Vijana wa Makindu walipofika aliwapa funguo za pingu.

"Korti ikimalizana na meza hii, irudisheni kwa Mwalimu. Msiikwaruze."

Gathua aliita tena. Kasiva akazima redio, akavuka barabara, akaketi kwenye hoteli ya kwanza aliyoiona.

"Chai ya haraka, mum?" mhudumu aliuliza.

"Hapana. Polepole tu."