Mdomo Ulioyeyuka Kwenye Kopo la Thina

Nilimdanganya mjane wa kaka yangu, na Mungu ananiona ninapokusimulia haya.

Kazi yangu ni kutoa rangi kuukuu kwenye sanamu ndogo za plastiki, zile ambazo watu hukusanya na kuzipanga kwenye kabati za vioo, kisha nazipaka upya. Jioni moja shemeji aliniletea moja, ndefu kama kidole. Marehemu kaka aliipaka sura ya binti yake, tuliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi.

"Rangi ya gauni inabanduka, shemeji. Toa hapo tu. Uso usiuguse."

"Kwani nimeanza kazi leo?"

"Nakujua wewe na haraka zako."

Chiriku, aliyekuja na mama yake, akadakia, "Baba mdogo, usinitoe pua!"

Tukacheka.

Plastiki inataka subira. Unaijaribu kwanza kwa tone la spiriti chini ya unyayo. Ikitulia, unapaka kwa pamba, unasubiri, unasugua kwa mswaki laini. Thina, ile dawa ya kuzimua rangi, ni ya chuma na mbao; plastiki huyeyuka ndani yake. Nayajua hayo. Lakini nilikuwa nachelewa ibada. Nikaitumbukiza nzima kwenye kopo la thina, nikaenda kubadili shati.

Kurudi...

Mdomo haukuwepo.

Plastiki ilikuwa imejifunga mahali pake, laini kama nta.

Nikaificha kwenye droo. Nikatafuta sanamu nyingine kama ile, nikaipaka kwa siku mbili, nikiiga mkono wa marehemu.

Siku ya tatu, giza likianza kuingia, shemeji akaja na mtoto. Macho ya mama yamevimba kwa kulia.

"Tangu jioni ile hajatoa neno. Daktari kaangalia koo, hakuna kitu."

Akanisogelea, akanong'ona.

"Huyu alikuwa haongei kabisa hadi miaka minne. Siku kaka yako alipomaliza kuuchora ule mdomo, ndipo akaongea. Alichanganya nini kwenye rangi... hakuniambia hadi anakufa."

Nikampa ile ya bandia.

"Hii hapa. Nzima."

Chiriku hata hakuitazama. Akainua kidole.

Droo yangu.

Akapumua karibu yangu, nikasikia harufu. Kali. Ya thina.

"Kuna nini humo, shemeji?"

"Makopo tu."

Wakaondoka. Nikapiga magoti, sala ikanigomea. Ndani ya droo kitu kikagonga ubao... taratibu. Kisha sauti, kama ya mtu aliyezibwa.

"Mmm... mmm..."

Ilikuwa sauti ya Chiriku.

Mwezi umepita. Kila jioni huisikia, na mtoto bado hasemi. Sijui kama yupo wa kuufungua mdomo huo. Ninachojua, mama yake anazunguka hospitali zote akitafuta ugonjwa, na mimi nimekaa kimya.

Kesho nampelekea ile sanamu yenyewe, nimwambie kila kitu. Nakuomba twende wote. Huna haja ya kusema lolote. Simama tu mlangoni nyuma yangu, nisipate pa kukimbilia.