Laptopu Iliyomkana Mzee Wepukhulu

Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mzee Boaz Wepukhulu alifungua kabati la chuma katika ofisi ya kamati ya wapangaji, Soweto East, Kibera, akatoa laptopu yake na kuiwasha. Ilikuwa laptopu ngumu, ya aina wanayobeba wapima ardhi: ina mpini kama sanduku, pembe zake zimevikwa mpira, na iliwahi kuanguka kutoka juu ya paa la mabati isipate hata ufa. Asubuhi hiyo haikumfungulia. Kisanduku cheupe kilitokea kwenye skrini nyeusi, hata nembo ya kampuni haijaonekana, kikidai nenosiri.

Mzee aliandika nenosiri lake la siku zote. Likakataliwa. Akaandika tena, polepole. Mara ya tatu mashine ilijifunga kabisa, ikabakiza safu moja tu ya herufi na tarakimu.

"Mzee, umesahau," alisema Kavoi, katibu wa kamati, mtu wa makamo aliyekuwa amefanya kazi na Mzee kwa miaka minne, meza kwa meza.

"Hii paswadi niliweka lini?"

"Wiki jana. Si ulisema unaogopa wezi? Hukumbuki?"

Mzee aliketi. Alikuwa na miaka sitini na saba, na hofu moja tu: mama yake alimaliza siku zake hamjui mtu yeyote, hata watoto wake mwenyewe.

Ndani ya laptopu mlikuwa na orodha ya vyumba mia moja na arobaini na mpangaji halisi wa kila kimoja. Jumatatu, saa nne asubuhi, afisa wa makazi angekuja kuichukua. Vyumba vikivunjwa, aliyemo angepata nyumba kwenye gorofa mpya. Asiyekuwemo angetafuta pa kwenda.

"Mungu ni mkubwa," Kavoi alisema, akitoa karatasi kwenye bahasha. "Nilikuwa nimeprinti kopi."

Alasiri hiyo Nekoye, binti ya Mzee, aliisoma ile kopi. Kwenye chumba nambari 58 alisimama. Trizah, muuza mboga aliyeishi humo miaka kumi na mmoja, hakuwemo. Mahali pake palikuwa na jina asilolijua. Akaendelea kusoma, akakuta vyumba vingine sita vya namna hiyo.

"Ni baba yako aliandika hivyo," Kavoi alimwambia kwa upole. "Labda alichanganyikiwa. Mzee amechoka, Nekoye. Mrudishe nyumbani Bungoma apumzike."

*

Alhamisi, saa nne kasorobo, Nekoye aliiweka laptopu kwenye kaunta ya Kalondu, mwanamke fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi ya Kawangware.

"Sasa, fundi. Nimeambiwa wewe hushindwi."

"Huwa nashindwa. Lakini nikishindwa nasema." Kalondu aliigeuza mashine, akapitisha kidole kwenye mifuniko yake ya mpira. "Ebu niambie yote. Na saa, uniambie na saa."

Nekoye alieleza. Kalondu alikuwa akiandika kwenye daftari, kila jambo na wakati wake.

"Toa tu betri ile ndogo ya ndani," Nekoye alisema mwishowe. "Kuna jamaa mtaani ameniambia hiyo ndiyo dawa."

"Kwa mashine za zamani, ndio. Hii hapana." Kalondu alishusha sauti kama mtu aliye mbele ya kitu cha heshima. "Huku ndani kuna chipu ndogo kuliko dengu. Toa betri, toa diski, ikatie umeme mwaka mzima, haisahau. Nimefanya hii kazi miaka kumi na saba na bado hiyo kitu hunishangaza. Nikitoa betri, paswadi itabaki na saa ya mashine itapotea. Na hiyo saa naitaka."

"Ya nini?"

"Kabati lina funguo ngapi?"

"Mbili. Ya Baba na ya Kavoi."

"Na Jumanne, siku moja kabla, ya baba yako ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Nilimpeleka kliniki ya macho saa mbili, nikabaki na funguo zake. Alitoka saa nane."

"Wewe ulikuwa wapi katikati?"

"Nyayo Highrise, nafua nguo za mama mmoja. Uliza."

"Nitauliza. Umewahi kutaka hii mashine iharibike?"

Macho ya Nekoye yalijaa machozi. "Nilisema hivyo. Mwezi jana, mbele ya watu. Baba halali, hali, ni vyumba tu. Lakini sikuigusa."

Kalondu aliliandika na hilo.

*

Siku hiyo hiyo, saa saba mchana, alimkuta Mzee Wepukhulu nyumbani kwake Kambi Muru, mkoba wa safari ukiwa wazi kitandani.

"Nataka karatasi zako za umiliki," Kalondu alimwambia. "Kuna wakala wa watengenezaji pale mjini. Mashine ikijifunga hutoa ile nambari uliyoiona, na mwenyewe akithibitisha ni yake, kampuni hutoa msimbo wa kuifungua. Hiyo ndiyo njia safi. Mtu anaweza kubadilisha chipu, lakini chipu ikienda, itaenda na ushahidi wake."

Mzee alitoa barua ya kampuni ya upimaji iliyomkabidhi mashine alipostaafu, nambari yake ikiwa imeandikwa chini.

"Paswadi ya kufungua mafaili nani anaijua?" Kalondu aliuliza.

"Mimi na Kavoi. Hiyo naikumbuka. Ni ile nyingine, ya mwanzo, ndiyo... mama, akili yangu imekwisha."

"Mzee, chumba nambari moja anakaa nani?"

Alishtuka kidogo. "Moja? Oyoo, seremala. Mlango wa bluu. Wako wanne. Mbili ni mjane anaitwa Ndululu, na wajukuu wawili. Tatu ni Walubengo, analala mchana, ni mlinzi, usigonge kwa nguvu..."

Hakusimama. Macho yakiwa yamefumbwa, alipita kwenye vichochoro kwa mdomo wake, mlango baada ya mlango, akitaja majina, idadi ya watoto, miaka ya kuingia, nani ana kufuli bovu. Kalondu aliandika hadi kidole kikafa ganzi. Alimsimamisha kwenye chumba cha arobaini.

Saa tisa na nusu yeye na Nekoye walikuwa Soweto East, wakigonga. Chumba cha kwanza, mlango wa bluu, watu wanne. Cha pili, mjane na wajukuu wawili. Cha tatu walikigonga polepole. Kufikia cha arobaini Kalondu alifunga daftari. Lilipatikana kosa moja tu: kwenye chumba cha thelathini na moja palikuwa na mtoto wa ziada, na mtoto huyo alikuwa amezaliwa Jumapili.

"Nilijua baba yangu ni mpimaji," Nekoye alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua amebeba watu hivi."

"Mtu kama huyu hasahau neno alilochagua mwenyewe wiki jana," Kalondu alisema. "Paswadi haikusahaulika. Hakuwahi kuijua."

*

Wa kwanza kushukiwa mtaani alikuwa Githinji, mwenye vyumba vingi vya safu ile, aliyekuwa amegombana na Mzee waziwazi. Ijumaa, saa tatu asubuhi, Kalondu alimkuta aking'arishiwa viatu.

"Jumanne ulionekana ofisini kwa kamati."

"Nilienda, ndio. Saa nne na nusu hivi. Nilitaka kumwambia Mzee anipatie heshima yangu."

"Ukamwambia?"

"Nani? Nilipiga mlango mpaka nikachoka. Umefungwa kwa ndani."

"Kwa ndani? Una uhakika?"

"Madam, kufuli halikuwa nje. Komeo lilikuwa ndani. Mtu alikuwa pale akanyamaza."

Mama wa Nyayo Highrise naye alithibitisha: Nekoye alikuwa kwake tangu saa tatu hadi saa saba na nusu, mikono majini.

Saa tano Kalondu alimpata Kavoi ofisini.

"Jumanne asubuhi ulikuwa hapa?"

"Hapana. Nilifunga saa tatu, nikaenda Kawangware kuprinti kopi. Nilirudi saa saba."

"Kibera kuna saiba za kuprinti kila kona. Kawangware ya nini?"

"Ni bei tu," Kavoi alisema, akapanga kalamu zake.

Jirani wa Kalondu pale Kawangware alikuwa Bridgit, mwenye saiba. Alikumbuka mara moja. "Jamaa wa orodha ya vyumba? Alifika saa tano na nusu na flashi. Hakuprinti tu. Alikaa kwa mashine yangu, akabadilisha majina. Saba. Niliyaona kwa sababu alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, nikataka kumsaidia, akakataa."

Jumamosi, saa sita na dakika ishirini, msimbo wa wakala ulifika. Kalondu aliuandika herufi moja moja, Mzee na Nekoye wakiwa wameinama juu ya bega lake. Kisanduku cheupe kilitoweka. Nembo ikatokea. Mzee Wepukhulu alishika mpini wa mashine kwa mikono miwili.

*

Jumatatu, saa nne kamili, ofisi ilikuwa imejaa hadi nje. Afisa wa makazi alikuwa ameshafungua bahasha ya Kavoi wakati Kalondu alipoweka laptopu mezani.

"Samahani, Afisa. Kabla ya hiyo, naomba nimuulize katibu. Kavoi, Jumanne uliigusa hii mashine?"

"Nimeshasema sikuwa hapa."

"Hizi mashine huweka daftari lao zenyewe, hata usipoziambia." Alisoma polepole, neno kwa neno. "Jumanne. Saa nne na dakika thelathini na moja, flashi imechomekwa. Saa nne na dakika thelathini na nne, faili limenakiliwa. Saa nne na dakika hamsini na mbili, nenosiri la kuwashia limewekwa. Wakati huo Mzee alikuwa kliniki, hii hapa kadi yake. Ufunguo wake ulikuwa Nyayo Highrise. Githinji alikuwa nje akigonga mlango uliofungwa kwa ndani. Saa tano na nusu ulikuwa kwa Bridgit, ukiandika majina saba. Na Bridgit ni huyu."

Watu walikuwa wakiitazama ile laptopu, si Kavoi, kama vile imeinuka ikasema.

"Mnajua ninaandika majina yenu tangu lini?" Kavoi alisema hatimaye, sauti ikikatika. "Miaka minne. Barabara ilipopita, walibomoa kwetu. Mimi, mama yangu, ndugu zangu, nyumba saba, ndiyo hayo majina saba. Hatuko kwa orodha yoyote. Kila siku naandika mtu mwingine aingie gorofani, na mama yangu analala jikoni kwa watu. Nani aliniuliza?"

"Na Trizah alikukosea nini?" Nekoye alimuuliza. "Na Baba? Ulimwacha aamini amerukwa na akili. Alikuwa amepanga nguo!"

Mzee Wepukhulu aliivuta mashine kwake. Alifungua orodha ya vyumba, akamgeuzia afisa. Kisha akafungua faili jingine, lililokuwa kwenye kabrasha lake mwenyewe, ambalo hakuna aliyewahi kulifungua.

"Hili nilitaka kulileta leo pamoja na lile," alisema. "Sikumwambia mtu kwa sababu sikujua kama litakubaliwa, na sikutaka kumpa mtu matumaini ya bure. Ni watu waliobomolewa na barabara. Nilienda nikaongea na majirani, nikapima msingi kwa msingi pale ulipobaki."

Afisa alisoma kwa sauti. Nyumba ya kwanza: Kalekye Kavoi, mjane, aliingia mwaka wa tisini na nane, mlango wa mbao, mpapai mmoja uani. Nyumba ya pili: Muli Kavoi, mwanawe, katibu wa kamati.

Kavoi aliinuka, akaja hadi mezani. Askari wawili wa utawala waliosimama mlangoni walisogea, lakini Mzee aliwaashiria wangoje. Kavoi aliinama, akasoma jina la mama yake, akalisoma tena.

"Hata mpapai," alisema.

"Nilikuta kisiki," Mzee alijibu.

Kavoi alitoa ufunguo wa kabati mfukoni, akauweka mezani, akatoka na wale askari bila kuongozwa. Watu walimpisha. Afisa alibaki na kalamu mkononi.

"Mzee, haya saba ya barabara. Na la huyu aliyetoka pia niliandike?"

"Andika," alisema Mzee Wepukhulu. "Nyumba yake ilivunjwa. Hilo si yeye aliyelitunga."