Ncha ya Wali wa Nining

Tanuri la pembeni lilikuwa limezimwa tangu wiki aliyozikwa mtafiti mwenzao Nining, waya wake umechomolewa ukutani, kwa hiyo Tedi alipoliegemea asubuhi ile na kahawa yake mkononi hakutegemea kuungua kiwiko. Aliruka, kahawa ikammwagikia shati. Kisha akanusa. Mle maabarani chakula ni marufuku, hata pipi, lakini hewa ilinuka wali ulioungua chini ya sufuria.

"Dada, umewasha hili?" alimuuliza mwenzake aliyekaa mezani.

"Niliwashe na nini, wakati waya uko sakafuni?"

"Basi njoo uliguse mwenyewe, dada... dada nani vile?"

Rengganis alicheka. Miaka yote wanagombania kompyuta moja, leo Tedi amesahau jina lake. "Umevuta gesi wewe," akamwambia, na akaendelea na kazi yake.

Hapa sina budi kueleza alichokifanya Rengganis, na sitamstahi. Kazi ya maabara ile, pale Bandung, ni kuotesha fuwele. Unga wa madini hufungiwa ndani ya mrija wa kioo, mrija ukatiwa tanurini, ukapoozwa polepole kwa miezi mpaka unga ugeuke jiwe dogo lenye pande zilizonyooka. Jiwe hilo hutiwa kwenye mtambo wa baridi kali mno, ili watafiti waone tabia ya sumaku zilizomo ndani, maana kila chembe yake ni sumaku ndogo. Kwa kawaida baridi ikizidi, sumaku hizo hujipanga na kutulia kama watu kwenye safu ya swala. Jiwe la Nining lilikataa. Sumaku zake hazikutulia kwa baridi ya aina yoyote, na jiwe la namna hiyo lilikuwa linatafutwa dunia nzima.

Desturi yao ni moja: aliyeotesha ndiye anayevunja mrija. Siku hiyo hupikwa wali wa manjano, ukasimamishwa kama mlima, na profesa hukata ile ncha ya juu akampa mwenye fuwele, mbele ya wote. Ncha hiyo haigawanywi.

Nining aliugua kabla mrija wake haujapoa. Kule hospitali alimshika Rengganis mkono. "Nitunzie, Anis. Nikipona nitauvunja mwenyewe. Nisipopona, mwite mama yangu ashike nyundo."

"Nitamwita," alisema Rengganis.

Hakumwita. Profesa Wikarta aliporudi kutoka ng'ambo na kuuliza mrija ule ni wa nani, Rengganis, mwanamke mjane mwenye binti wa miaka sita na kazi ya mkataba unaokaribia kwisha, alijibu, "Ni wangu." Tedi alikuwepo. Siku ya wali aliinamia sahani yake tu. Ncha ikakatwa, Rengganis akaila yote, na makala ikaenda kwenye jarida kubwa ikiwa na jina lake juu na la Nining halipo kabisa. Wizi ni wizi, hata ukivaa koti jeupe.

Baada ya asubuhi ile mambo yakaanza kuongozana. Mlango wa maabara ukakataa kadi yake. Mpika kahawa, aliyezoea kumtania kwa jina, akamwita "wewe bibie". Profesa alikutana naye kwenye ngazi akamuuliza kwa adabu kabisa, "Wewe ni mgeni wa nani?" Na jioni, nyumbani, binti yake Kinasih alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kusema "Mama", kama mtoto anayekumbuka jibu la mtihani. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Kesho yake mchana, mvua inapiga paa, Tedi alikuwa anapima lile jiwe ndani ya mtambo wa baridi. Rengganis alikaa kwenye kiti upande wa pili. Ghafla Tedi akasogeza uso karibu na skrini.

"Zimetulia," alinong'ona.

"Nini zimetulia?"

"Sumaku. Zote zimeelekea upande mmoja. Hebu sogea kulia. Taratibu."

Rengganis akasogeza kiti. Mshale kwenye skrini ukageuka, ukamfuata.

"Rudi kushoto."

Ukamfuata tena. Tedi akauzungusha mtambo wenyewe, akazima uwanja wa sumaku, akawasha upya, na kila alichofanya hakikusaidia kitu, kwa sababu chembe zote za jiwe lile, chembe zisizo na hesabu ambazo hazikuwahi kumtii mtu wala baridi, zilikuwa zimemgeukia Rengganis pale alipo, na alipoinuka zikainuka naye, na alipoanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni lile tanuri lisilo na waya likavuta pumzi ndefu mgongoni kwake, harufu ya wali ulioungua ikajaa chumba kizima mpaka macho yakawatoka machozi, na mlango wake mdogo wa chuma ukafunguka wenyewe, ndani mwekundu, kisha sauti nyembamba ikauliza, bila hasira yoyote, "Nani amekula fungu la dada yangu?"

Rengganis alikojoa pale aliposimama.

Tedi ndiye aliyemleta Ajengan Mahfud, shehe mfupi mwenye miwani minene, anayefundisha vijana Kurani kule bondeni. Alivua viatu, akasoma, akalipulizia tanuri, kisha akakaa sakafuni akalisikiliza kama anayesikiliza shauri la ndoa. Baadaye akamwita Rengganis pembeni.

"Huyu si Nining," alisema kwa sauti ya chini. "Nining yuko kwa Mola wake. Huyu ni jini, ameumbwa kwa moto, na ndani ya moto wa tanuri lile ndimo alimokaa. Anasema marehemu alikuwa akimpigia hodi kila akipita. Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Tedi. "Tulikuwa tunamcheka."

"Sasa yeye hacheki. Mwanangu, jina ulilochukua lirudishe. Lote, mbele ya watu, na mama mzazi awepo. Usipolirudisha atachukua lako kila mahali lilipo."

"Hata kwa mwanangu?"

"Hasa kwa mwanao."

Rengganis alilia, akaapa, na tangu hapo watu wakaanza kulikumbuka tena jina lake. Tedi akamfuata mama yake Nining kijijini, wali wa manjano ukapikwa upya, ukumbi ukajaa. Mama yule alikaa mbele, amejifunga kilemba cheusi, mikono mapajani. Rengganis alisimama. Mezani mbele ya profesa palikuwa na barua ya ajira yake ya kudumu, inasubiri saini tu. Aliitazama. Angesema lote, saini isingetiwa.

"Kabla ya yote," alisema, "namshukuru marehemu Nining, ambaye alinisaidia sana katika kazi yangu hii."

Alinisaidia. Mama yule aliinua uso akamtazama, kisha akauinamisha tena. Profesa akatia saini. Tedi akatoka nje bila kuaga.

Na hakuna kilichotokea. Tanuri lilikuwa baridi, hewa haikunuka chochote, na watu walipanga foleni kumpa mkono: hongera Rengganis, hongera Daktari Anis. Hata mpika kahawa alimtania kwa jina. Rengganis akaona shehe naye hutia chumvi, na nusu ya ukweli nayo imetosha. Alinunua keki ya kijani ya majani ya pandani aipendayo binti yake, akarudi nyumbani jua halijazama.

Kinasih ndiye aliyefungua mlango. "Shikamoo," alisema. "Unamtaka nani?"

"Kinasih, acha mchezo. Nimekuletea keki."

Mtoto akageuza kichwa. "Mama, kuna mgeni."

Kutoka jikoni akaja mwanamke anajifuta mikono, na harufu ya wali ulioungua ikaja naye. Uso wake ulikuwa wa Rengganis, pamoja na kovu la kidevuni na ile namna ya kubana nywele nyuma ya sikio. Akamvuta mtoto karibu naye, na mtoto akamkumbatia kiunoni kwa raha zake zote.

"Karibu, dada," alisema kwa upole. "Tukuite nani?"

Rengganis alifungua kinywa. Alilitafuta jina lake hakulipata, akalitafuta tena, akawa kama mtu anayepapasa ukuta gizani katika nyumba isiyo yake. Ndani ya kichwa chake chote lilibaki jina moja tu, lile alilokataa kulitoa ukumbini, na sasa lilimtoka lenyewe.

"Nining," alisema.

"Pole, dada," alijibu mama wa mtoto. "Nining tulishamzika."

Akafunga mlango.