Nani Anapiga Ngoma Kubwa?

Kengele ya jioni ilipolia, wenzake wakikimbilia uwanja wa mpira, Andati alikimbilia stoo ya shule. Huko zilikaa ngoma tatu za Isukuti, mchezo wa jadi wa huku Kakamega: kubwa, ya kati na ndogo, kama baba, mama na mtoto wao. Alizitoa moja moja akaziegemeza ukutani upande wa jua ili ngozi ikazike. Ngozi iliyolegea hutoa sauti ya debe bovu, na hapa Shinyalu hakuna anayekubali aibu hiyo.

Andati alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, na viganja vyake vilikuwa vipana kuliko umri wake. Yeye ndiye aliyepiga ngoma kubwa, na anayepiga hiyo ndiye anayeshika mwendo wa kundi zima. Akiharakisha, wachezaji wanajikwaa. Akizembea, wimbo unalala. Mwaka uliotangulia walikosa nafasi ya kwenda mashindano ya kitaifa kwa alama moja tu, kwa sababu mwendo ulilegea mwishoni. Hakuna aliyemlaumu, lakini yeye alijilaumu mpaka ugali ukakataa kupita kooni. Mwaka huu aliapa kwamba watakwenda, liwe liwalo.

Basi shida ya mtu mwenye hamu kubwa ni kwamba hakosi mshauri. Wa Andati aliitwa Sydney, kijana wa miaka ishirini aliyewahi kupiga ngoma hiyo hiyo shuleni. Sasa alijigamba kuwa anapiga matangani na kwenye mapigano ya mafahali, tangu asubuhi hadi jua kuzama, bila kuchoka. Alisema wapigaji wakubwa wana siri yao. Siri yenyewe, kumbe, ilikuwa majani ya muguka, ndugu ya miraa. Andati alitafuna, na kweli hakusikia uchovu wala njaa jioni nzima. Usiku hakulala, ila hilo hakumwambia mtu.

Wiki ya pili Sydney alimletea kipande cha keki iliyochanganywa na bangi, akidai kwamba inafungua masikio. Msifikiri Andati hakujua. Darasani walikuwa wamefundishwa, na bango la kuonya lilikuwa limebandikwa mlangoni. Lakini moyo ukikitaka kitu, hukitafutia sababu. Alijiambia kwamba yeye havuti, anakula keki tu, na tena ni kwa faida ya shule.

Lo, akapiga! Mikono ilikuwa myepesi, ngoma iliimba, na wenzake wakamkodolea macho. Andati alidhani wanamstaajabia. Mitchel, binamu yake aliyetikisa njuga, alimuuliza mara mbili kwa nini macho yake yalikuwa mekundu. Mara zote mbili alimjibu kuwa ni vumbi la barabarani.

Siku ya Ijumaa, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya mashindano ya kanda, Mwalimu Phanuel aliwarekodi kwa simu yake. Mwalimu huyu alikuwa mpole, asiyepoteza maneno. Mazoezi yalipokwisha aliwaketisha nyasini, akaongeza sauti ya simu, akawaambia wasikilize.

Wimbo ulianza. Ngoma ndogo iliita, ya kati ikaitikia, kisha ngoma kubwa ikaingia kwa kuchelewa. Ikakimbia, ikasita, ikakimbia tena, mpaka waimbaji wakapotezana. Andati akacheka.

"Mwalimu, hawa ni watoto wa Gredi ya Nne?" aliuliza. "Nani anapiga ngoma kubwa?"

Hakuna aliyecheka naye. Mwalimu aliinamisha kichwa. Mitchel ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Ni wewe, Andati. Ndiyo sasa hivi tumetoka kupiga."

Andati aliomba wimbo urudiwe. Alisikiliza tena, akatambua hata kikohozi chake mwenyewe katikati ya wimbo. Mwalimu alipomuuliza kama ni mgonjwa, alidakia haraka kwamba ana malaria. Uongo huo ulimtoka kinywani kabla hajaupima. Mwalimu hakubishana naye. Alimpandisha nyuma ya pikipiki yake moja kwa moja hadi zahanati, na njia nzima kijana hakutamani kufika.

Muuguzi Teresa alimpima damu. Malaria hakuna. Akamtazama macho, kisha akavichukua vidole vya mkono mmoja wa Andati akavilaza juu ya kifundo cha mkono wake wa pili.

"Mwalimu wako ananiambia wewe ni mpiga ngoma," alisema. "Hebu nihesabie mdundo huu."

Andati alihesabu, akapotea, akaanza upya. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kama ndama aliyekata kamba.

"Umekaa kwenye benchi, lakini moyo wako unapanda mlima. Nani anaupiga hivyo, mwanangu?"

Machozi yalimlengalenga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Andati aliona ni heri aumbuliwe na ulimi wake. Alisema yote: muguka, keki, usingizi uliopotea. Jina la Sydney lilimkwama kidogo, maana hakuna anayependa kuitwa mchongezi. Mwisho akalitaja pia.

Muuguzi Teresa hakumfokea. Alimweleza kwamba dawa za kulevya hazifanani, na kila moja ina njia yake ya kuharibu mwendo. Muguka, miraa na tumbaku huuchapa mwili mbio. Moyo hukimbia, usingizi na njaa hutoroka, na kesho yake mtu huwa mnyonge na mwenye hasira. Pombe, pamoja na hiyo chang'aa ya uchochoroni, huulegeza mwili. Ubongo husinzia, miguu humwasi mwenyewe, na ikizidi hata pumzi husahau kazi yake. Gundi wanayonusa watoto wa mitaani hula ubongo polepole. Bangi nayo huudanganya ubongo, mtu akaona dakika imekuwa saa, akasahau alichoambiwa sasa hivi.

"Ndiyo maana nilijisikia napiga vizuri?" Andati aliuliza.

"Ndiyo. Kuna mtu ndani yako anayekuambia umepatia au umekosea. Huyo ndiye uliyemlevya. Akishalewa yeye, huwezi kujua umepotea."

Maneno hayo yalimwingia Andati kuliko sindano yoyote.

Mama yake aliitwa shuleni. Alilia, kisha akamshukuru mwanawe kwa kusema kweli, jambo ambalo lilimuuma Andati kuliko kiboko. Mwalimu Phanuel alimnyang'anya ngoma kubwa akamkabidhi ile ndogo. Alisema hiyo kubwa itarudi siku mwendo utakaporudi. Naibu wa chifu na Muuguzi Teresa walikwenda kwa kina Sydney. Huko ikajulikana kwamba alikuwa akiwauzia vijana muguka na keki hizo, na kwamba hata matangani hawamwiti tena, kwa sababu mikono yake inatetemeka. Biashara yake ilikomeshwa, naye akakubali kwenda hospitali kwa ushauri na matibabu.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Andati aliumwa kichwa, akawa mkali kwa kila mtu, usingizi ukamjia kwa vipande vipande. Lakini Mitchel alitembea naye kila jioni kwa njia ya mashamba ya chai, wakihesabu hatua kwa mdundo. Alikula, akalala, akafanya mazoezi. Wiki ya pili ilipokwisha, Mwalimu alimrekodi bila kumwambia, akasikiliza peke yake, kisha akamrudishia ngoma kubwa.

Mashindano ya kanda yalifanyika Kakamega mjini, ukumbi ukiwa umejaa hadi madirishani. Ngoma ndogo iliita. Ya kati ikaitikia. Ngoma kubwa ikaingia papo hapo, nzito, tulivu, na ikakaa hapo. Mikono ilimuuma Andati, jasho likamwingia machoni, akachoka uchovu wa kweli, na mwendo haukulegea hata mara moja. Kufikia ubeti wa mwisho watu walikuwa wamesimama wakicheza mabega, wazee kwa vijana. Alama zilipotangazwa, shule ya Shinyalu ilikuwa ya kwanza, na nafasi ya kwenda mashindano ya kitaifa ikawa yao. Mitchel alirusha njuga zake juu akasahau kuzidaka. Andati alilia waziwazi, wala hakujificha.

Nje ya ukumbi Mwalimu Phanuel aliwakusanya. Kwa mara ya kwanza aliongea kwa kirefu. Aliwaambia kwamba dawa za kulevya humwahidi mtu nguvu, kumbe zinamwibia ile aliyokuwa nayo, na kwamba uchovu wa kazi hutibiwa kwa chakula, usingizi na mazoezi tu. Aliwaambia pia kwamba ushindi huu haukuanzia jukwaani. Ulianzia kwenye benchi la zahanati, siku mmoja wao alipokubali kusema kweli.

Kisha akatoa simu, akaongeza sauti, na mdundo wa siku hiyo ukajaa uwanja mzima.

"Haya," akasema akitabasamu, "nani anapiga ngoma kubwa?"

Andati aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono, akausikia moyo wake ukienda sawa na wimbo.

"Ni mimi, Mwalimu."