Arobaini na Mmoja Waliozaliwa Siku Moja

Kila Jumamosi asubuhi nilifagia duka la baba pale Kibondo mjini, nikapanga sabuni na viberiti, kisha nikakaa nyuma ya meza kusubiri wateja. Baba yangu, mzee Saady, aliuza vitu vya dukani, na pia alikuwa wakala wa kampuni ya simu. Kwenye ubao wa nje aliandika kwa chokaa: "Tunasajili laini hapa." Mwaka huo wa 2013 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na maneno hayo matatu ndiyo yaliyoniharibia mwezi mzima wa Machi mwaka uliofuata.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba laini ambazo hazijasajiliwa zitazimwa. Watu walilisikia tangazo hilo kwa miezi na miezi, wakanyamaza. Zilipobaki siku mbili, wote wakakumbuka kwa pamoja. Walijaa kibarazani tangu saa mbili asubuhi, na siku hiyohiyo fomu zikawa zinaelekea kwisha, ikabidi baba aende Kasulu kuchukua nyingine.

"Firdausi, utasajili wewe," aliniambia. "Nakili kila kitu kutoka kwenye kadi ya mpiga kura. Asiye na kadi alete barua ya mtendaji wa kijiji. Asiye na kadi wala barua, anisubiri mimi."

Nilikubali huku moyo unanichoma. Saa tisa alasiri kulikuwa na mechi ya netiboli, na mfungaji wa timu yetu nilikuwa mimi.

Tatizo halikuwa fomu. Tatizo lilikuwa salamu. Babu yangu alitoka Pangani, na nyumbani kwetu salamu ni shikamoo na marahaba, basi. Waha, wenyeji wa Kibondo, hawana haraka hiyo. Mtu anafika mezani, anainama kidogo, anapiga makofi polepole, anasema "Mwakeye", kisha anauliza habari za baba, za mama, za wadogo zako, za mvua, mpaka unasahau alichokuja kufanya. Na anangoja umjibu kila swali. Nilikuwa na watu zaidi ya arobaini wa namna hiyo.

Mpaka saa sita nilikuwa nimewamaliza wanne tu. Wa tano alikuwa bibi mmoja kutoka Murungu. Alinisalimu, akapiga makofi, akauliza habari za nyumba nzima, kisha akaanza kufungua fundo kwenye pindo la kitenge chake ili atoe kadi. Lile fundo alilifunga nani, sijui. Alivuta huku, akavuta kule, halafu akaanza kunieleza habari za mjukuu wake.

"Usijisumbue bibi," nikamwambia. "Unaitwa nani?"

"Immakulata."

Jina la ukoo sikuuliza. Alikuwa ametaja Murungu, basi nikaandika: Immakulata Murungu. Tarehe ya kuzaliwa nikaweka tarehe moja Januari 1950. Kwenye kisanduku cha barua ya mtendaji nikatia alama ya vema, ingawa barua hiyo haikuwahi kuandikwa na mtendaji yeyote. Ilinichukua dakika moja. Nikashangaa kwa nini sikufikiria hivyo mapema, na wote waliofuata nikawapa tarehe ileile na barua ileile isiyokuwepo.

Mechi tulishinda. Jioni baba alirudi amejaa vumbi na amechoka, akazisaini fomu zote bila kuzisoma, akanisifu kwa bidii yangu. Nililala vizuri sana usiku ule, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, Bibi Immakulata alirudi. Safari hii salamu zake zilikuwa fupi, nikajua kuna jambo.

"Baba Firdausi, simu yangu imechukuliwa na mto," alisema. "Nilikuwa naloweka mihogo, ikaponyoka. Naomba mnirudishie namba yangu ileile."

"Tutairudisha, mama. Usiwe na wasiwasi," baba akajibu.

"Wasiwasi ninao. Mjukuu wangu Claude mguu wake umepinda tangu kuzaliwa. Madaktari wa Mwanza wamesema watanipigia wiki hii, waniambie siku ya kumpasua. Wasiponipata, nafasi wanampa mtoto mwingine. Na namba yao ilikuwa humo humo kwenye simu."

Baba akapiga simu ofisi ya kampuni iliyoko Kasulu, akaongea na karani anayeitwa Yasmini. Alimtajia jina: Immakulata Hatungimana, kuzaliwa mwaka 1947.

"Taarifa hazilingani," Yasmini akasema. Baba alikuwa ameweka sauti ya juu, sote tukasikia.

Baba akamwomba Bibi kadi yake. Ikatoka kwenye fundo lilelile. Akasoma upya, herufi kwa herufi, mpaka tarehe.

"Hazilingani, mzee Saady. Hiyo ni mara ya pili. Ikifika ya tatu, ombi litajifunga, na kulifungua ni wiki tatu."

Baba akakata simu na kujifuta jasho. "Mama, labda ulijiandikisha kwa jina lingine? La ubatizo? La marehemu mzee?"

"Jina langu nitalisahau vipi?" Bibi akauliza. Hakupaza sauti. "Miaka yote hii naitwa hivyo, leo simu inakataa?"

"Simu haikatai, mama. Inayokataa ni fomu."

"Basi fomu ndiyo inayodanganya."

Niliangalia boksi la biskuti chini ya meza. Nakala zote za Julai zilikuwa humo, kwa mwandiko wangu. Nilijua pia kwamba wakala akikutwa na usajili wa uongo ananyang'anywa uwakala, na baba alikuwa ametusomesha kwa kazi hiyo. Nikajiambia ninyamaze, Bibi atapata tu njia nyingine. Lakini njia gani? Claude alikuwa amekaa kwenye ngazi za kibaraza, amekunja ule mguu, anamrushia kuku punje za mahindi. Baba akainua simu ajaribu mara ya tatu.

"Baba, usipige," nikasema. "Bibi kaandikwa Immakulata Murungu. Tarehe moja Januari 1950. Niliandika mimi."

Nikalitoa boksi, nikamwekea mezani. Baba alisoma fomu ya Bibi, akasoma iliyofuata, na iliyofuata. Alisoma kama kumi, kila moja akiiweka chini taratibu, na ule utaratibu ulinitisha kuliko kofi.

"Wote hawa wamezaliwa siku moja?"

"Walikuwa wengi, baba. Na wanasalimia mno. Na mimi nilikuwa na mechi."

Bibi Immakulata alinigeukia. "Kadi nilikuwa nakutolea," alisema. "Wewe ndiye uliyenizuia."

Nilimwomba radhi.

Njia ya mkato ilikuwepo. Baba angemtajia Yasmini jina lile la uongo, na laini ingerudi palepale. Nilimwambia hivyo. Baba akanikata jicho, lakini Bibi ndiye aliyejibu.

"Mimi siitwi Murungu. Murungu nalima. Leo nikijiita hivyo, kesho nikifa, wanangu watasemaje hiyo laini ni ya mama yao?"

Basi baba akapiga simu na kumweleza Yasmini yote, bila kunificha na bila kujificha. Yasmini alishusha pumzi ndefu.

"Mzee Saady, miezi saba nashangaa. Nasema huko Kibondo watu wanaanguliwa pamoja kama vifaranga? Arobaini na mmoja, tarehe moja. Nipigie picha kadi ya huyo mama uitume sasa hivi, nimrekebishie. Lakini hili nalipeleka kwa mkuu wangu, siwezi kulificha."

"Lipeleke," baba akasema.

Kabla ya magharibi laini ya Bibi ilikuwa hewani, kwenye simu ya zamani ambayo baba alimwazima. Siku ya tatu madaktari wakapiga. Claude akapangiwa Jumanne.

Sisi tulisimamishwa kusajili laini mpya mwezi mzima, na tukaamriwa kuwatafuta watu wote waliobaki ili waandikwe upya. Nilifikiri baba angenipiga. Badala yake aliniketisha mbele ya lile boksi.

"Na mimi nimekosa," alisema. "Nilisaini bila kusoma. Lakini nisikilize, Firdausi. Sheria hii haikuwekwa kutusumbua. Imewekwa ili mtu akimtisha au akimlaghai mwenzake kwa simu, ajulikane ni nani, asimsingizie mwingine. Mtandao haumjui Bibi Immakulata, haujaiona sura yake. Unachokijua ni kile ulichoandika wewe. Ukiandika uongo, umemfuta mtu mzima kwa kalamu. Uvivu wa dakika moja umetaka kumnyima mtoto mguu."

Machi yote, kila Jumamosi, niliandika. Timu ilitafuta mfungaji mwingine. Baba alitembea na bodaboda kijiji hadi kijiji kuwaita watu, nao walikuja wamekasirika, na walikuwa na haki.

Jumamosi ya mwisho Bibi Immakulata alipita kurudisha simu ya baba. Claude alikuwa mgongoni kwake, mguu umefungwa plasta nyeupe. Aliinama kidogo, akapiga makofi. "Mwakeye," akasema.

Niliweka kalamu chini. Nikainama, nikapiga makofi, nikamjibu, kisha nikamuuliza habari za Murungu, za mihogo, za mvua, na za Claude. Alinijibu yote, moja moja. Nyuma yake mzee mmoja wa kwenye foleni, kadi yake ameifunga kwa fundo kwenye leso, akaanza kuguna.

"Wewe mtoto, mimi nina safari," akasema zamu yake ilipofika. "Andika chochote tu, niende."

"Hapana, babu," nikamwambia. "Naomba kadi yako. Nitangoja ulifungue fundo."